Ufa Chini ya Keria

Benchi letu liko mbele ya duka langu la kushona hapa Busia, hatua chache kutoka barabara inayoshuka mpakani. Ni ubao mmoja mrefu, na kila asubuhi Syprose huweka jiko lake kando yake, akatia tangawizi kwenye birika la kahawa, na watu wakaanza kufika kabla maji hayajachemka. Mimi ni Onyuka, wananiita Kifungo. Katikati hukaa mzee Ojiambo, aliyekuwa mkalimani wa korti miaka ishirini na sita. Huyo ni Mahakama, kwa sababu hasemi jambo la maana mpaka watu wote wawe wameketi. Kando yake ni Egesa, anayebadilisha pesa za Uganda na za Kenya, kwa hivyo jina lake ni Reti. Halafu kuna wawili wa mwisho, mmoja kila upande. Kulia ni Okwara, tuliyemwita Gia siku zile alipokuwa boda boda wa baiskeli. Kushoto ni Emuron, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye ni Moto. Mpaka ile Jumatatu ya mwaka wa tisini na saba, wawili hao walikuwa hawajasemezana kwa mwaka mzima na zaidi. Walikaa benchi moja kwa sababu kahawa ni moja.

Ugomvi wao kila mtu alikuwa anaujua. Aprili ya tisini na sita, Gia alikuwa anateremka kuelekea Alupe, amebeba mwalimu mmoja. Keria ikakatika. Ile keria nzito ya nondo, ya kubebea abiria nyuma, ambayo Moto alikuwa amemchomelea mwenyewe. Mwalimu alivunjika mkono. Gia alivunjika mguu mahali pawili, akalala hospitali miezi minne, na aliporudi alikuwa na fimbo. Baiskeli hakupanda tena. Alisema Moto alichomelea vibaya. Moto alisema yeye amechomelea keria mia nne na mkono wake haujui kukosea. Basi ikawa hivyo.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo ilikuja bahasha kubwa ya kahawia, imeandikwa jina la Emuron na anwani ya sanduku langu la posta. Tukaifungua pale pale. Ndani kulikuwa na barua moja na vitabu vinne vyembamba vya Kiingereza, vimejaa hesabu. Na picha. Baiskeli za Black Mamba zimechorwa kwa kalamu nyembamba, na keria zake, na mishale.

Ndipo tukakumbuka. Tisini na nne walikuja watu watatu kutoka chuo kikuu cha ufundi, daktari mmoja na wanafunzi wawili. Walikaa kwa banda la Moto wiki tatu. Walibandika vijiwaya vidogo kwenye keria za watu, wakapima mizigo, wakaandika. Baiskeli ya Gia ilikuwa mojawapo. Waliahidi kurudisha majibu.

Mahakama aliichukua bahasha yote akaenda nayo nyumbani. Alisema Kiingereza cha namna ile hakisomwi barabarani. Jumatatu akaja amevaa koti, na tukajua ameisoma.

Reti: Mzee, sema basi. Kahawa imemiminwa.

Mahakama: Naanza na barua. Barua inashukuru watu wa Busia kwa ushirikiano wao. Halafu inaeleza matunda ya utafiti.

Syprose: Matunda gani?

Mahakama: Ndivyo wanaita. Karatasi nne zimechapishwa kwa majarida. Mikutano miwili, mmoja Nairobi na mmoja ng'ambo. Mwanafunzi mmoja amepata shahada. Daktari naye amepandishwa cheo.

Mimi: Na hapa Busia matunda yaliiva wapi?

Mahakama: Barua haijafika hapo, Kifungo. Barua imeishia kwa daktari.

Reti: Mimi nilisema tangu siku ile. Wale hawakuwa watu wa baiskeli. Zile waya zilikuwa zinapima sukari ya magendo. Serikali inataka kujua kila boda anavusha kilo ngapi.

Syprose: Egesa, waya haiwezi kujua sukari na unga.

Reti: Inajua uzito. Uzito ukishajulikana, si wanapiga hesabu tu? Halafu hizo picha wanauzia kampuni ya kutengeneza baiskeli. Kampuni inajua keria itakatika lini, inaleta baiskeli mpya meli nzima, inakungoja. Biashara ni hiyo. Hata huyo mwalimu aliyevunjika mkono, mimi siku hizi nashangaa alikuwa mwalimu wa wapi.

Mimi: Alikuwa anafundisha mtoto wangu.

Reti: Ndiyo nashangaa.

Nilikuwa na sare kumi na mbili za shule za kumaliza siku hiyo, na mwenye sare alikuwa ameshapita mara mbili. Lakini Mahakama alikuwa bado ameshika kile kitabu cha tatu, kidole kikiwa ndani, na mtu wa korti akiweka kidole ndani ya kitabu huwezi kuondoka.

Mahakama: Sasa nisikilizeni. Hii ya tatu ndiyo yenye neno. Nimeisoma mara nne na kamusi. Wanasema keria za Busia zinakatika, na wanajua zinakatikia wapi.

Gia alikuwa anaangalia kikombe chake.

Gia: Mwambieni huyo fundi asikilize vizuri.

Moto: Mwambieni yeye kwamba masikio ninayo.

Mahakama: Hazikatiki pale palipochomelewa.

Moto aliweka kikombe chini polepole. Nilimwona akitaka kusema.

Mahakama: Bado, Emuron. Ngoja. Hazikatiki penyewe, zinakatika kando yake, upana wa kidole kimoja. Moto wa kuchomelea ukipita kwenye chuma, kile chuma cha kando kinageuka, kinakuwa kama biskuti. Ukibeba mtu na mzigo kila siku, barabara yenyewe ni hii yenu ya mashimo, ufa unaanza chini. Chini kabisa, ambapo mto wa kukalia umefunika. Mwenye baiskeli hauoni. Baada ya kama miezi saba, kwa baiskeli ya kazi, keria inaachia.

Gia: Yangu ilikuwa na miezi minane.

Mahakama: Ndiyo.

Moto: Kwa hivyo mkono wangu haukukosea.

Mahakama: Haukukosea. Lakini hata ungechomelea vizuri mara mia, ingekatika. Ubaya ni kuchomelea hapo kwenye kona ya keria.

Ni ajabu jinsi mtu hukaa mwaka mzima akingoja neno fulani, na likija linakuwa si lake wala si la adui yake. Moto hakufurahi. Alikuwa anahesabu kitu kichwani, nadhani zile keria mia nne.

Moto: Na dawa yake? Wameandika dawa?

Mahakama: Wameandika. Ukurasa wa kumi na moja, kuna picha. Unaacha kuchomelea ile miguu ya keria kwenye kona. Unakunja kipande cha bati nene, unakishika na bolti mbili, na miguu yenyewe unaishusha mpaka kwenye ekseli ya gurudumu. Wanasema ni kazi ya nusu saa kwa fundi yeyote wa jua kali.

Moto: Bolti mbili.

Mahakama: Bolti mbili za nambari kumi.

Moto: Hizo niko nazo kwa mkebe. Nilikuwa nazo hata wakati ule.

Syprose aliacha kumimina. Gia alinyoosha mkono, Mahakama akampa kitabu. Gia hasomi Kiingereza, lakini tarakimu anazisoma, na alitafuta kwenye jalada mpaka akapata.

Gia: Hii ilichapishwa lini?

Mahakama: Hapo juu. Agosti, tisini na tano.

Gia: Agosti. Mimi nilianguka Aprili iliyofuata.

Gia alihesabu kwa vidole, Septemba, Oktoba, mpaka akafika Aprili, na vidole vikawa vinane.

Gia: Miezi minane walikuwa wanajua. Walienda Nairobi wakasema. Wakapanda ndege wakasema huko. Kila mtu akaambiwa isipokuwa mwenye baiskeli.

Reti: Wahenga walisema, ndugu yangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Gia: Mkuu gani, Egesa? Mkuu alijua akanyamaza. Mimi masikio yangu yalikuwa hapa barabarani siku zote.

Reti: Nasema tu methali.

Gia: Basi tafuta nyingine.

Reti alitafuta kweli. Alisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, Syprose akamuuliza upwa uko wapi hapa Busia, naye akasema upwa ni mpaka. Halafu akaanza tena. Sasa ikawa kwamba karatasi ilifichwa makusudi, kwa sababu watu wa matrela hawataki boda boda wawe na keria imara. Keria ikiwa imara mahindi yatavuka kwa baiskeli, na trela zitaota kutu hapa mpaka Malaba. Mahakama, mtu mzima, aliyeapisha mashahidi, akasema hapana, ni mambo ya uchaguzi unaokuja. Mimi pia nilisema langu. Nilisema chuo kikuu ni kama kiwanda cha pamba, kinapimwa kwa marobota yanayotoka, na hakuna anayeuliza nani alivaa. Niliona nimesema vizuri. Syprose alisema yeye angependa kujua huyo daktari husafiri na nini. Tukaongea hivyo mpaka jua likatoka kwenye paa la duka likatupiga magotini.

Wawili tu hawakuongea. Lakini wakati fulani, sikuona ni wakati gani, Moto alikuwa ametoka upande wake akaja kuketi karibu na Gia, wameshika kitabu pamoja kwenye ukurasa wa kumi na moja.

Moto: Okwara, mimi sikujua.

Gia: Naona hukujua.

Moto: Waliketi kwa banda langu. Mke wangu aliwapikia viazi. Kama wangeandika hata kwa kadi ya posta, bolti mbili, ningeelewa.

Gia: Mimi nilikuita muuaji mbele ya watu, kanisani.

Moto: Uliita.

Gia: Hiyo nitaiondoa kanisani hapo hapo.

Moto aliitikia kwa kichwa kwamba sawa. Hawakushikana mikono. Syprose aliwaongezea kahawa bila kuulizwa.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye hatukumjua. Alikuwa ametoka Osieko, kule ziwani, na omena, gunia mbili, na boda boda alimshusha mbele ya duka langu akaenda zake. Alisema anaitwa Mourine, anangoja mteja wake wa Uganda, akaomba kukaa. Tukamsogezea nafasi. Alikunywa kahawa, akasikiliza, maana Reti alikuwa amerudia kutoka mwanzo kwa ajili yake, waya, sukari, kampuni, matrela, uchaguzi.

Mourine: Pole sana, mzee, kwa mguu.

Gia: Asante, mama.

Mourine: Na hiyo karatasi ilifika leo?

Mahakama: Ilifika Ijumaa. Lakini mambo mazito hayasomwi haraka. Jumamosi nilikuwa nimeshaielewa.

Mourine: Jumamosi.

Mahakama: Jioni. Nikasema ningoje Jumatatu, benchi likiwa limetimia.

Mourine aliangalia barabara. Ilikuwa saa tano, saa ya kazi. Baiskeli zilikuwa zinapita mbili mbili, zimebeba akina mama, mikungu ya ndizi, kreti za soda, mtu na mtoto na mtungi. Alirudi akatutazama sisi, mmoja mmoja, bila ubaya wowote.

Mourine: Yule kijana amenileta na gunia mbili. Keria yake ni kama hiyo ya picha. Hawa wote wanaopita, tangu asubuhi, mmewaambia wangapi?

Mahakama alianza kuvua koti. Reti alianza kuhesabu noti ambazo alikuwa ameshazihesabu. Mimi niliangalia sindano yangu. Nilifikiri Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na jinsi mimi mwenyewe nilivyopanda boda kwenda kanisani nikiwa nimeona zile picha.

Gia ndiye aliyesimama. Alishika fimbo, akaenda mpaka ukingo wa lami, mahali ambapo hakuwa amesimama tangu aanguke, na akainua mkono. Baiskeli ya kwanza ilimkwepa. Ya pili ilisimama, kijana amembeba mwanamke na debe la mawese.

— Mzee, niko na mteja, kijana alisema.

— Mteja ashuke kidogo. Inua huo mto. Nataka kuona chini ya keria yako.

— Umetumwa na nani? Kaunsili?

Moto alikuwa ameshafika hapo nyuma yake na spana mkononi.

— Hakuna mtu ametutuma, Gia alisema. Shuka.