Jotham Wamalwa na Mpira wa Viraka

Marehemu Jotham Wamalwa alizaliwa Kimilili tarehe 3 Machi 1921, kifungua mimba wa Mama Nanyama. Mimi Peterson, ninayewasomea, ni mdogo wake wa kumfuata.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwaka wa 1940 akaja Nakuru, akawa karani wa reli. Alimwoa Naliaka mwaka wa 1946, wakakaa Bondeni, karibu na kiwanja, na kila Jumapili kelele za mpira zilimfanya shemeji aunguze ugali.

Hapo ndipo alipoandika riwaya yake, juu ya mji mdogo uliopenda mpira kuliko chakula. Mpira wao ulipopasuka, kila nyumba ilishonea kiraka chake cha ngozi, mpaka ukawa mzito, haudundi tena. Na bado walicheza, kwa sababu refa mwenye sare ya kaki alikuwa hajapiga firimbi ya mwisho. Mchungaji aliposomewa sura moja aliuliza, "Viraka ni dhambi zetu, sivyo?" Jotham akacheka sana. "Kwani wewe Mchungaji ulishona kipi?" Maana yake hakumweleza mtu yeyote.

Mwaka wa 1954, nilipokuwa nikikaa kwao, askari walipekua Bondeni, na riwaya ikapotea. Alikwenda kituoni mara tatu kuiomba. Alitukanwa, akarudi nyumbani kulala.

Kifua kilimshika mwaka wa 1958. Hospitalini alianza kuiandika upya, akakwama ukurasa wa kumi na moja. Mimi pekee nilikuwa nimeisoma yote. Akaniuliza, "Ndugu yangu, ile firimbi ililia lini?" Nikamwambia sikumbuki. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Novemba 1959.

Haya yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Shemeji Naliaka, askari hawakuichukua ile riwaya. Niliisoma ile kaki ya refa nikaiona Serikali, nikaogopa tutafungwa sote, nikaitia kwenye jiko la makaa kabla hawajabisha hodi. Nilikumbuka kila neno, hata siku ile aliponiuliza. Niliogopa nikianza kumwambia, nitamwambia na hili. Miaka mitano, jamani! Nimechoka.

Ameacha mjane wake Naliaka, watoto wawili, Truphosa na Wafula, mama yetu Nanyama ambaye amelia hadi sauti imekauka, na mimi. Kesho asubuhi nitakuja kwako na kalamu, shemeji, kama utanifungulia mlango.

Pumzika salama, kaka.