Mti Mmoja wa Bonde la Kerrick

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Lorraine Petherick, waheshimiwa madiwani, wenzetu mliosimama juani kwa kuwa viti ni kumi na viwili:

Karibu

Sisi, Watembea Msituni wa Kerrick, tunakukaribisha kwa furaha. Asante kwa kukubali kusuguliwa soli za viatu kwa brashi langoni. Udongo wa nje huleta ugonjwa wa mizizi, na hata bibi harusi aliyepita hapa mwaka jana tulimsugua.

Historia

Miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa watu wa kutembea tu. Siku moja tulikuta njia ya maporomoko imezibwa na kotoneasta, kichaka cha bustani ambacho ndege hula matunda yake mekundu na kutawanya mbegu. Mwenzetu Clive Mulhearn aliketi kula mkate, akang'oa kimoja kwa kukosa la kufanya. Tangu hapo hajaketi.

Tunaanzia palipo na msitu mzima, tunasogea polepole kuelekea palipoharibika. Tunang'oa kwa mkono, tunarudishia majani makavu, tunasubiri. Hatupandi kitu. Mbegu za asili zimo ardhini tayari.

Mafanikio

Ekari nne zimejiotea zenyewe. Vyura wamerudi kijitoni. Kotoneasta ya mwisho tuliing'oa tarehe 11 Machi. Clive ameitundika jikoni kwake.

Changamoto

Kibali chetu cha kufanya kazi humu kinaisha Ijumaa. Fomu ya kukihuisha ina swali moja tu la mafanikio: idadi ya miti iliyopandwa. Tumejibu sifuri kila mwaka. Ofisi yako ilituandikia, kwa upole, kwamba sifuri haionyeshi juhudi. Tunaelewa kuwa ziara ya leo ni ya kutufikisha kwenye moja.

Mti wenyewe uliletwa asubuhi na gari la halmashauri, kupitia lango la nyuma lisilo na brashi. Ndio huo kushoto kwako, wenye utepe. Umetunzwa vizuri. Una matunda mekundu.

Kamati ilikutana nyuma ya meza ya keki.

"Mwacheni mama wa watu apande," alisema Nerida Quist, mtunza zana wetu. "Jumamosi tunaung'oa."

"Na kibao chenye jina lake?"

"Kibaki. Kibao hakizai."

"Haya, Clive yuko wapi?"

"Kaketi kwenye shimo la kupandia mti. Anasema hatoki."

Tuliona ni heri tuseme. Fomu hutiwa saini kwamba majibu ni ya kweli, na hiyo moja ingekuwa uongo kufikia Jumapili.

Maombi

Mti urudi na gari lililouleta, ukiwa kwenye chungu chake. Fomu iulize kilichoota, si kilichopandwa. Na kwa kuwa mpiga picha yupo, kuna mche wa kotoneasta kwenye uzio, nyuma ya hema, umeota baada ya mvua ya juzi. Glavu zilizo mezani ni za saizi yako. Picha ya kung'oa nayo ni picha.

La mwisho ni Clive. Ana miaka sabini na minane, na magoti yake hayamruhusu kuinuka peke yake, hata akishakubali. Atakayempa mkono, tunakuachia wewe.

Ubarikiwe wewe na nyumba yako, urudi salama, na bustani yako isivuke uzio.

Imesomwa na Bronwyn Tranter, katibu,
kwa niaba ya Watembea Msituni wa Kerrick.