Ukurasa Unaofunguka kwa Konsolata Peke Yake

Benchi la mabanzi ya paina limeegemezwa ukutani mwa stoo ya Mama Oliva pale Makambako, mahali ambapo Wi-Fi ya stoo inashika vizuri, na ndiyo maana madalali wa mizigo hawahami hata upepo wa asubuhi ukiwakata masikio. Siku hiyo Konsolata alikaa mwisho wa benchi, Anneth anamnyonya ndani ya blanketi, kompyuta iko juu ya kreti la soda, maana Mama Oliva alikuwa njiani kuja kuiona kazi, na ikikubali Konsolata ataajiriwa hapohapo stoo, mtoto akiwa mgongoni, na isipokubali basi ni kwenda kupika kambi ya mbao, na kambini hawataki watoto, kwa hiyo Anneth atapelekwa kwa bibi yake Matembwe, na Anneth hajaacha hata ziwa.

— Mama Anneth, kwangu bado haifunguki.

Huyo ni Filbert, wanayemwita Mzani kwa sababu zamani alikuwa anapima magunia, na mpaka leo kila jambo kwake ni suala la uzito.

— Jaribu tena, kaka Filbert. Kwangu inafunguka. Ona.

Kweli kwake ilifunguka. Ukurasa mdogo tu: mahindi yako wapi, mbao ziko wapi, zinakwenda wapi, ili dereva aone kwenye simu asirudi na gari tupu. Aliuandika kwa Java, ile Java aliyoianza chuoni Njombe kabla mimba haijamtoa darasani, na safari hii alitumia kiunzi chepesi cha kujengea programu alichokipakua mwenyewe, na kilipowaka mara ya kwanza alikuwa amefurahi mpaka akamwamsha mtoto.

— Si umesema mwenyewe ni chepesi? Filbert alisema. Kitu chepesi, na upepo huu. Kimepeperuka.

— Chepesi maana yake hakina mambo mengi. Mtu anaomba kuona mizigo, kiunzi kinapokea ombi, mimi nimeandika tu ajibiwe nini. Mistari michache.

— Ndiyo hapo sasa. Mistari michache ibebe magunia yote hayo?

Yusto akaweka kikombe chini. Yusto ni Injinia. Aliwahi kufungua redio ya paroko ikaongea, na cheo kikabaki.

— Mzani, acha mtoto wa watu. Tatizo ni ukungu. Mtandao ukipita kwenye ukungu unaloa, ukifika kwenye simu umeshakuwa mzito.

— Mbona WhatsApp inaingia? aliuliza Hosea, muuza kahawa, huku anamjazia.

— WhatsApp ni ya Wazungu. Imezoea baridi.

Konsolata aliangalia barabarani. Gari la Mama Oliva halijatokea. Akafuta mstari, akaurudisha vilevile, akazima, akawasha, kwake ikafunguka tena upesi kama inamcheka.

— Mimi nitakwambia kitu, Filbert alisema. Java ni jina la kisiwa, nilisikia redioni. Kisiwa kiko usawa wa maji. Sasa wewe unachukua kitu cha kisiwani unakipandisha mwinuko huu. Kinakosa pumzi.

— Hapana, bwana, Yusto alisema. Ombi linatoka kwenye simu yako, linafika njia panda, linakuta njia ya Songea, njia ya Mbeya, njia ya Iringa. Lifuate ipi? La kwako saa hizi liko Tunduma kwenye foleni, linasubiri kuvuka.

— Bila pasi?

— Ndiyo linayosubiri.

Wakacheka. Konsolata hakucheka. Alikuwa anaiona sufuria ya kambini, na moshi wake, na maziwa yakimjaa kifuani bila wa kuyanyonya.

— Na ikifunguka, Yusto alisema taratibu, kama anajiuliza mwenyewe, sisi madalali tutakula wapi?

Simu ya Filbert iliita. Alikuwa Steven, dereva wa tela, anatafuta mzigo.

— Sikiliza, Steven. Sikwambii "hapa", nikikwambia "hapa" utaegesha hapohapo ulipo. Pita njia panda, shika upande wa reli, stoo ya Mama Oliva, mlango wa pili. Umenipata?

Konsolata aliinua kichwa. Kisha akaiangalia ile anwani aliyokuwa amewatajia tangu asubuhi, localhost. Ndivyo walivyofundishwa kuanza, na maana yake ni mashine hiihii. Kompyuta yake ikiambiwa hivyo inajitazama yenyewe na kuukuta ukurasa. Simu ya Filbert ikiambiwa hivyo nayo inajitazama yenyewe, na mle ndani hamna mahindi wala mbao. Alikuwa amewaambia wote "hapa".

Alitafuta namba ambayo Wi-Fi ya stoo imeipa kompyuta yake.

— Kaka Filbert, futa hiyo. Andika namba ninazokutajia, halafu mlango wa kuingilia ni 7070.

Filbert aliandika kwa kidole kimoja, midomo inamchezacheza.

— Mbao, Lupembe kwenda Dodoma, akasoma. Mahindi, Wanging'ombe kwenda Dar. Injinia, imo.

— Si nilisema, Yusto alijibu. Ukungu umepungua.

Mama Oliva aliwakuta bado wanasukumana juu ya simu.

— Kamwene.

— Kamwene, mama.

Alitajiwa namba, akaandika, ikafunguka. Akasoma mpaka chini, bila haraka. Kisha akaangalia ile kompyuta juu ya kreti.

— Ni nzuri. Sasa wewe jioni ukiifunga mashine yako ukaenda nyumbani, dereva wangu aliyeko Mafinga ataona nini?

Filbert akatazama kikombe chake. Hosea alisimama na birika mkononi.

— Mwambie inabaki hewani, Filbert alinong'ona.

Konsolata aliwaza kambi. Akawaza kwamba neno moja tu la uongo lingetosha, na jioni ingekuja baadaye.

— Hataona kitu, mama. Nikifunga, inakufa. Na nje ya Wi-Fi hii haifiki. Lazima ikae kwenye mashine nyingine isiyozimwa, na hapo sijajua naanzaje. Nimefika hapa tu.

Mama Oliva aliwasogeza madalali kwa nyonga, akakaa, akanyoosha mikono.

— Mlete huyo mtoto nimshike, alisema. Hiyo njia utaitafutaje na mkono mmoja?