Sungura wa Mzee Jaspal

Ndani ya basi la umeme la Southall, ughaibuni, Mzee Jaspal, mwenye kilemba na miaka tisini, alikuwa akimsimulia muuguzi mmoja aliyeketi mbele yangu utoto wake mashambani Nakuru.

"Wakati wa vita petroli yote ilienda jeshini, mama. Gari la baba likavutwa na ng'ombe. Hivyo ndivyo tulivyowinda sungura."

"Mzee, usinichezee! Sungura gani anashindwa kumkimbia ng'ombe?"

"Hawakukimbia. Walisimama kutushangaa, tukawaokota na kuwatia guniani."

Muuguzi akanigeukia nimuunge mkono. Nikajifanya nasoma simu.

Basi likaishiwa chaji, tukashuka. Lori lilipokuja kulivuta, wapita njia wote wakasimama, midomo wazi.

"Umeona?" mzee akamwambia muuguzi. "Hao wote wangeingia guniani."