Kiboko Kimeonyesha Kushoto

Basi la Dundori lilikuwa likiteleza kwenye matope, lakini Namalwa alikuwa ametega sikio mazungumzo ya abiria wawili wa kiti kilichokuwa mbele yake. "Mzee, kitabu cha sheria za barabarani kinakataza kupita gari kwa kushoto," alisema kijana aliyekuwa akienda Nakuru kufanya mtihani wa leseni. Aliyeketi naye, mzee Kiptanui, aliyeswaga ng'ombe wa mzungu miaka ishirini, alicheka. "Kijana, mwenye gari la ng'ombe akikuonyesha kushoto kwa kiboko, pita. Yeye ndiye anajua matope yako wapi." "Na polisi je?" "Kwani polisi ndiye atakutoa kwenye mtaro?"

Mbele, gari la ng'ombe lilikuwa limeshika katikati ya barabara. Mwenyewe, bila kugeuka, akanyoosha kiboko kushoto. Dereva akasimamisha basi, akageuka nyuma. "Wewe wa mtihani, kitabu kinasema nifanye nini?"

Namalwa akainama mbele, kuku wake mkononi, asikose jibu.