Mafua Mbele ya Dirisha la Chanjo

Benchi la kahawa limeegemea ukuta wa zahanati, karibu kabisa na lango, na hakuna mama anayepita hapo na mtoto mgongoni bila kukaguliwa na wazee wanaokaa hapo. Asubuhi hiyo mshonaji mmoja wa mtaa alipita mbio, mwanawe mgongoni. Mtoto wa jirani yake, anayetazamana naye mlango kwa mlango, alilazwa jana kwa surua, na juzi tu alikuwa akicheza na mwanawe sakafuni kwake. Dirisha la chanjo lilikuwa karibu kufungwa. Mtoto mgongoni akapiga chafya.

— Simama kwanza, binti yangu, — alisema Rangi, fundi wa kupaka rangi mtaani. — Huyo ana mafua.

— Kidogo tu, baba. Ananyonya, anacheza.

— Hayo madogo ndiyo mabaya. Mimi sipaki ukuta wenye unyevu, rangi haishiki. Na chanjo ni hivyo hivyo, itabanduka.

— Itavuja, — alidakia Kiraka, fundi baiskeli, macho kwenye mpira aliokuwa akiuziba. — Inaingia begani, inatokea puani na kamasi.

— Nyie hamjui mwili, — alisema Refa, aliyeacha zamani kuchezesha mechi lakini hajaacha kuamua mambo ya watu. — Askari wote wa mtoto sasa hivi wako puani wanapigana. Ukileta mafunzo mapya, atahudhuria nani?

— Kipa, — alisema Kiraka.

— Kipa ndiye majeruhi.

Wakacheka. Mshonaji hakucheka. Aliikaza kanga kifuani.

— Mtoto wa jirani yangu kapatwa na surua, — alisema. — Hafungui macho.

Kicheko kilikatika.

— Basi ndiyo maana usiipoteze chanjo bure, — Rangi alisema, sasa kwa upole. — Mwache apone, uje mwezi ujao.

— Mwezi uliopita mliniambia hivyo hivyo, baba.

— Si alikuwa anakohoa?

— Na kabla ya hapo alikuwa anaota meno, — Refa alikumbusha, akijivunia kumbukumbu yake.

Mwenye baiskeli, mgeni aliyekuwa akisubiri mpira wake, akaweka kikombe chini.

— Samahani, wazee. Mara zote hizo, nesi alisemaje?

Rangi akamtazama Kiraka. Kiraka akautazama mpira.

Mshonaji akalitazama lango. Mara zote hizo hakuwahi kulivuka. Aliyemrudisha nyumbani hakuwa nesi. Lilikuwa benchi.

Akaingia bila kuaga. Nesi alikwisha shika komeo la dirisha. Aliliachia, akampima mtoto joto, akamsikiliza kifua, akamfuta kamasi.

— Mafua tu haya. Hayazuii chanjo kufanya kazi. Mbona umechelewa hivi, mama?

Mshonaji akamfungua mtoto bega. Akamshika mkono, sindano ikaingia, na kilio kikapanda hadi ng'ambo ya ukuta.

Alipotoka, kikombe cha Rangi kilikuwa benchini, kimejaa, kinapoa.

— Yuko wapi mwenyewe? — mshonaji aliuliza.

— Kamfuata mjukuu wake nyumbani, — Kiraka alisema kwa sauti ya chini. — Mama yake naye tulimwambia angoje mafua yaishe.

Ndani ya lango komeo la dirisha likagonga. Mshonaji akageuka, akarudi mbio dirishani, mtoto bado analia begani.

— Dada nesi, — aliita, mkono juu ya dirisha. — Usifunge. Kuna mwingine njiani.