Koti la Rangi ya Tofali

Vuteni viti karibu, wanangu, na wewe kaka mtu achia hicho kitasa, maana huko ukumbini wamekaa watu wawili wenye adabu zao na hawatauvunja mlango wangu. Nimemwomba dada yako awape maji ya kunywa wasubiri, kwa sababu haya ya kwanza ni ya damu yangu, na yatakayofuata ni ya kila mwenye masikio. Niongezeeni mto mgongoni. Hapo, hapo. Daktari alipokuwa akiwanong'oneza pale nje mlidhani nimelala, kumbe nilimsikia, wala hakunitisha. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya hakimu akaambiwa atafia gerezani, hashtuki akiambiwa atafia kitandani pake.

Nyumba hii ni yenu nyote wawili. Msiiuze mkagawana vipande, maana nyumba ikishauzwa ndugu huwa hawana tena mahali pa kugombania, na wasipogombana hawaonani. Chumba cha mbele ni cha binti yangu, ndiye aliyelala humo akihesabu vikohozi vyangu. Cha nyuma pamoja na ua ni cha kaka yake. Brashi, ngazi na makopo ya rangi ambayo hayajaganda mpelekeeni yule mchora vibao wa mtaa wa nyuma. Miaka yote ananiazima, kisha anapita akisema herufi zangu zimepinda, basi azichukue tuone zake zitanyooka vipi. Duka la kufulia si langu kuwarithisha. Lilikuwa la babu yenu mzaa mama, likaja kwa mama yenu, na sasa limo mkononi mwako, mwanangu wa kwanza. Hilo ndilo lililonifanya nikuiteni.

Mnajua nilifungwa, mlikua mkilijua kama mnavyojua kovu la mzazi, hamlitazami na hamliulizi. Leo lisikieni lote kinywani mwangu.

Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mashoto, na alikuwa hapendi kutupa kitu. Kitambaa kilipobaki kwenye mapazia akanishonea koti, rangi yake ya tofali lililotoka tanuruni, hata nikikaa karibu na dirisha wageni walikuwa wakiuliza pazia ni lipi na mwenye nyumba ni yupi. Kwa ule ushoto wake, mfuko wa kifuani akaupachika upande wa kulia. Nikamwambia, "Mke wangu, mfuko huu umepotea njia." Akanijibu, "Mfuko uko sawa, ni wewe uliyezaliwa umegeuzwa." Nikalivaa hivyo hivyo, nikatamba nalo, na mtaa mzima ukalijua koti kabla ya kunijua mimi.

Kulikuwa na mwenye duka la vitambaa pale kona. Nilimchorea kibao, hakukipenda, akakiteremsha mbele ya watu na kukitupa mtaroni. Mimi damu ilikuwa bado inachemka, nikamwambia wateja wake wakisikia, "Utakiona cha mtema kuni!" Nani asiyesema hivyo? Mama humwambia mtoto aliyemwaga maji. Lakini wiki ile haikuisha, jioni ya Jumamosi yule bwana akachomwa kisu mlangoni pa duka lake, na mkewe aliyekuwa ndani akifunga madirisha akatoka akaona mgongo wa mtu unakimbia, na mgongo wenyewe umevaa koti la rangi ya tofali.

Jioni ile mimi nilikuwa humu ndani, juu ya ngazi, napaka dari hii mnayoiona. Shahidi wangu alikuwa mama yenu, na mke akimtetea mume watu husema ndiyo kazi yake. Koti halikuwa nyumbani, lilikuwa kwa babu yenu tangu katikati ya wiki, limepelekwa kufuliwa. Likarudi baada ya ile Jumamosi, safi, limepigwa pasi, na askari walipokuja wakalikuta msumarini linanukia sabuni. Mwendesha mashtaka alilinyanyua juu mahakamani akauliza, "Mtu asiye na la kuficha, alikuwa na haraka gani ya kulifua?" Yaani hata usafi ulinishuhudia vibaya. Nikasema halikufuliwa na mimi, aitwe mkwe wangu. Babu yenu akaitwa, akasimama na shati lake jeupe lisilo na kunyanzi, akasema, "Koti hilo halikuingia kwangu wiki ile." Hayo tu. Akashuka bila kunitazama, na mama yenu, aliyekuwa amekaa benchi la mbele, akainamisha kichwa akakaa hivyo hivyo mpaka watu wakatoka.

Sasa wewe uliye dobi, niambie kama nasema uongo. Dobi gani duniani hajawahi kuazimisha nguo ya mteja? Shati la mwalimu linakwenda harusini Jumamosi, linarudi Jumapili, linafuliwa upya, na Jumatatu mwalimu analivaa akijisifu kwamba dobi wake anajua kazi. Sheria ya babu yenu ilikuwa moja: nguo ya mtaa huu iende sherehe ya mtaa mwingine, wasikutane mwenye nayo na mvaaji. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, ila hawakutuambia jinsi inavyomvua nguo mwenye nayo. Babu yenu alimwazimisha mtu koti langu. Lilipomrudia lina doa, akalifua doa, maana mkono wa dobi ukiona doa hauulizi limetoka wapi. Alipokuja kuelewa, mimi nilikuwa nimeshakamatwa. Nadhani alijiambia mahakama si ya wajinga, wataniachia tu, naye atakuwa ameokoa duka na heshima yake kwa kauli moja. Akaitamka ile kauli, na maisha yangu yakaingia humo.

Dada, maji. Kidogo tu. Inatosha.

Msidhani namchukia. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi kufa. Nilipokuwa ndani ni yeye aliyewalea, aliwalisha, aliwasomesha, wewe mwanangu alikufundisha kupiga pasi ukiwa bado unasimama juu ya kreti ili uifikie meza, na ninajua unampenda kuliko unavyonipenda mimi, wala sikulaumu, maana yeye alikuwepo na mimi sikuwepo. Nilipotoka, kwa msamaha wa wakubwa, wakanipa karatasi ya kunisamehe kosa nisilolifanya, na nikatakiwa nishukuru, nikashukuru. Babu yenu akanipokea langoni. Hakunikumbatia, alininyooshea kola. Tangu siku ile mpaka alipofariki, kila tukionana alikuwa akiniwekea kola vizuri, anaitazama shingo yangu, macho yangu hayatazami. Nilingoja aseme. Nilikaa kitandani kwake siku za mwisho nikimwambia moyoni, sema mzee, sisi sote tumeshazeeka, sema. Akaninyooshea kola, akafa.

Lakini linaloniuma si yeye. Linaloniuma ni mama yenu. Mwanamke yule alikuwa na mume aliyesema koti lilikuwa kwa baba, na baba aliyesema koti halikuwa kwake, na alitakiwa kila siku kuwapikia wote wawili. Mimi nilipokuwa gerezani alikuja kila aliporuhusiwa, hakukosa, lakini hata mara moja hakuniambia, "Nakuamini." Aliniuliza kama nakula. Aliniambia watoto hawajambo. Nilipotoka tuliishi vizuri, tulicheka, tulilala kitanda kimoja, na usiku mwingine nikizinduka namkuta amejiegemeza kiwiko ananitazama, namuuliza nini, anasema hakuna kitu. Nikajua. Alikuwa akinipima, mtu aliyezaa naye. Amekufa hajui aliolewa na muuaji au alizaliwa na mwongo. Hilo hata Mungu akinieleza sijui kama nitalielewa.

Sasa hawa waandishi walioko ukumbini. Yule binti wa redio na mwenzake mzee wa miwani hawakunianza mimi. Walikuwa wakipekua kesi za zamani ambazo mtu alifungwa kwa kuonekana mgongo, wakaisoma yangu, wakauona huo mfuko wa upande wa kulia umeelezwa humo, kisha wakaanza kutembea mitaa ya pili kuuliza Jumamosi ile nani alikuwa na harusi. Watu wanawacheka waandishi kwamba ni wambea wenye mshahara. Basi Mungu awazidishie umbea. Wamempata bibi mmoja ambaye siku hiyo alikuwa bibi arusi, na ukutani kwake kuna picha yao, haina rangi, wamesimama mstari. Kijana mmoja wa upande wa bwana arusi amevaa koti lenye mfuko kifuani kulia. Binti wa redio alipoileta nikamuuliza kama picha imegeuzwa. Akanionyesha wenzake wote: mifuko yao iko kushoto. Wanangu, nililiona koti langu limesimama kwenye harusi ambayo sikualikwa. Nilishika picha ile nikalia kama mtoto, sikulilia kufungwa, nililia kwamba mshono ule ni wa mama yenu, angeutambua hata gizani kwa kidole, na picha imekuja yeye akiwa ardhini.

Yule kijana naye amekwisha kufa. Kama aliua au hakuua, mimi sijui, na waandishi wenyewe wanasema hawajui. Wanachojua ni kwamba koti lililokimbia pale kona, mimi sikuwemo ndani yake. Kwa hiyo msimchukie mjane wa duka la vitambaa. Maisha yote anavuka barabara akiniona, na sikumlaumu. Hakusema uongo, aliliona koti na koti lilikuwepo. Binti yangu, kabla redio haijasema lolote, nenda kwake na hiyo picha, umwamkie kama mama yako, uketi chini, umwonyeshe kwa upole. Naye amechukia mtu asiye wake muda wote huu, na kuchukia bure kunachosha kuliko kazi.

Pole pole... acheni nivute pumzi.

Sasa wewe, mwanangu wa kwanza. Waandishi walikuja dukani kwako ukawafukuza, ukawaambia, "Hapa hatuna habari, tuna nguo." Nilipoambiwa nilicheka, ni jibu zuri, ni la babu yako kabisa. Lakini picha peke yake haitoshi. Mkubwa wao anasema koti hilo lilitokaje kwangu likafika harusini? Huenda mimi mwenyewe nililiazimisha. Anataka mtu wa duka lile aseme kwamba duka lile huazimisha nguo, ndiyo kawaida yake, tangu babu. Na mtu wa duka lile ni wewe. Mimi nikisema, ni mfungwa anajitetea. Dada yako akisema, hajawahi kushika pasi. Wewe ulikuwa unazipeleka hizo nguo na kuzirudisha, na usinikazie macho, hata Jumamosi iliyopita suti ya mwalimu mkuu imecheza muziki mpaka imechanika kwapa, nami nilikuona unaishona.

Ninajua unachokiogopa. Ukisema, wateja watafungasha nguo zao wahamie kwa mwingine, na jina la babu yako lililoandikwa pale juu kwa mkono wangu mwenyewe litatemewa mate. Watasema dobi yule alimfunga mkwe wake kuokoa sabuni. Una watoto, na duka ndiyo sahani yao. Hayo yote ni kweli, sitakudanganya kwamba ukweli utakulipa. Mimi ukweli haujanilipa kitu.

Kwa hiyo sikulazimishi. Nimefikiri sana nikaona baba anayekufa akitoa amri, mtoto hutii kwa woga wa laana, na neno la woga nimeshalisikia mara moja mahakamani, sitaki la pili. Basi baraka nakupa sasa hivi, kabla hujanijibu. Sogea. Nipe kichwa. Mungu akupe afya, akupe usingizi, watoto wako wakuzike wewe usiwazike wao. Na wewe binti yangu, Mungu akulipe vikohozi vyote, ukae mahali unapopendwa na unapoaminiwa. Nimemaliza, nimetoa, siirudishi. Ukisema nao umebarikiwa. Ukinyamaza umebarikiwa. Hakuna atakayekuja kukudai kaburini kwangu.

Mnizike karibu na mama yenu... upande wake wa kushoto, mkono wake uliokuwa na nguvu. Msinivalishe kitu kizuri. Shati lolote safi.

Macho yamekuwa mazito, lakini masikio... masikio bado yapo. Mwanangu, wafungulie. Wakae pale penye mwanga. Wakikuuliza, uwajibu au usiwajibu, lakini msitoke nje kuongea. Ongeeni humu humu, kwa sauti... nami nisikie.